Kuku wa Jumamosi

Kila Jumamosi Mama alikuwa anarudi kazini na kuku wawili ndani ya kiroba. Hakuwa anawafunga miguu. Ukiwamwaga uani wanakaa palepale walipoangukia, wanakutazama tu. Kazini kwake wanaitwa walioanguka. Mwili umekua mbio, miguu imeshindwa kuubeba, na lori la mteja halipakii kuku asiyesimama. Basi wanagawiwa wafanyakazi.

Mtaani kwetu hapa Tunduma watu walituona tumepata. Marita, jirani tunayepakana naye ukuta, alikuwa akisikia mafuta yanalia anakuja na sahani yake mkononi, hazunguki.

“Mama Ikupa, hiyo harufu imeniita kwa jina langu kabisa.”

“Basi kaa, uitikie,” Mama anamjibu.

Tulikula hivyo karibu miaka minne. Halafu Jumamosi moja ya mwezi wa tatu Mama akarudi na kiroba kimekunjwa kwapani. Mdogo wangu Fanueli, ana miaka sita, akakikunjua, akaingiza kichwa ndani.

“Mama, kuku wako wapi?”

“Leo wote wamesimama.”

Akaenda kunawa mikono. Alinawa, akamwaga yale maji, akateka mengine, akanawa tena. Jioni ile tulikula maharage. Jumamosi iliyofuata maharage, na iliyofuata hiyo maharage na mchicha. Marita alikuja na sahani yake, akatazama sufuria, akakumbuka kwamba ameacha mtoto peke yake.

Mama anaitwa Tumpale. Amezaliwa milimani Ileje na ameolewa hukohuko. Baba yetu, Ezron, alipopata kazi ya utingo kwenye malori yanayokwenda Kongo, wakahamia hapa mpakani. Mama aliuza nyanya kwa watu wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, mpaka mgongo ukamkataa, kisha akaingia kwenye shamba la kuku la tajiri mmoja, nje ya mji. Kwanza walimweka kunyonyoa manyoya. Pale kuna pipa la maji ya moto na kuku anayekuja ameshakufa, na kuku aliyekufa, anasema Mama, hana habari ya kukupa. Unanyonyoa, unaweka, unachukua mwingine. Ndiyo maana miaka mitatu ya kwanza alikula bila neno.

Mwaka jana wakamhamishia bandani, banda namba nne. Huko kuku yuko hai.

Mama si mtu wa maneno mengi. Habari za banda alikuwa anazitoa kidogo kidogo, jioni, akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mimi shule niliiacha la tano, niko nyumbani muda wote, kwa hiyo alikuwa ananiambia mimi, au alikuwa anaambia lile beseni. Alisema taa za bandani hazizimwi, ili kuku asidhani kumekucha wala kumekuchwa, ale tu. Alisema wakifika wiki ya tano wanakula wamekaa, kama wagonjwa wodini. Asubuhi kazi ya kwanza ni kupita na ndoo kuokota waliokufa, na mavi yao kwenye maranda yanachoma macho mpaka machozi yanatoka, mtu akikukuta anadhani umefiwa.

“Kwetu ukitaka kumchinja kuku mnakimbizana mpaka jasho likutoke,” alisema siku moja. “Anakutukana, anaruka ukuta, watoto wanacheka. Huyu ukimfuata anakusubiri.” Akatoa mguu mmoja kwenye maji, akautazama. “Anakusubiri, Ikupa.”

Nilidhani ni hilo tu lililomfanya aache. Kumbe lilikuwepo na jingine, ila hilo beseni halikuambiwa.

Mwezi wa nne Babu akaja kutoka Ileje. Huyu ni baba yake Baba, mzee Efraimu, na alikuwa anakuja kwa ajili ya macho, maana yameingia ukungu na kliniki ilikuwa imempa tarehe, akapanga kukaa wiki nzima. Mara ya kwanza alikuja mwishoni mwa mwezi wa pili, akakaa siku mbili. Wakati ule kuku wa Jumamosi walikuwepo, Mama akampikia wote wawili. Babu alikula, akalamba vidole, akaniambia, “Mchumba, mwambie mama yako hii firigisi ni laini kama embe. Meno yangu manne yamefurahi.” Babu ananiita mchumba kwa kuwa mimi ni mjukuu wake.

Nieleze hapa kwamba Mama na Babu hawaongei. Hawajagombana. Ni mkwe na mkwe. Huko milimani mke hasemi na baba wa mume wake, hakai naye chumba kimoja, hamtazami, na jina lake halitamki. Wengi mjini wameiacha hiyo, lakini Mama hakuiacha. Kanisani akipewa kusoma neno lenye jina Efraimu, anasema “yule” halafu anaendelea, na mchungaji ameshazoea. Babu akiwa kwetu, kabla hajatoka kwenda chooni anakohoa mara mbili, Mama anaingia jikoni na kuvuta pazia. Chakula napeleka mimi. Maneno napeleka mimi.

“Mzee mwenyewe haoni,” Marita alimwambia. “Unajificha nini?”

“Anasikia,” Mama akasema.

Kwa hiyo katika miaka kumi na sita ya ndoa Mama hakuwa na njia ya kumwambia Babu kwamba anamheshimu, isipokuwa kwa chakula. Na huko kwao mgeni kama huyo anachinjiwa kuku, na firigisi inawekwa juu kabisa ya nyama, ili akiiona ajue kwamba kuku mzima amekufa kwa ajili yake, hakununuliwa paja la kuchangia. Firigisi ndiyo salamu yenyewe.

Siku ya kwanza Mama aliamka alfajiri. Akapika wali, maharage ya kuunga na karanga, akakata parachichi mbili, akakaanga na dagaa. Akavipanga kwenye sinia na kulifunika kwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Nikapeleka. Nikamnawisha Babu, nikakaa kwenye mkeka.

Babu, kwa kuwa haoni vizuri, anakula kwa kutafuta. Vidole vyake viliingia kwenye bakuli la maharage taratibu, vikazunguka ukingoni, vikashuka chini, vikarudi juu. Vikasimama. Akahamia kwenye dagaa, vikapita humo pia. Nikajua anatafuta nini. Alikula kidogo, akasema “ndaga,” yaani asante kwa lugha ya kwao, akaomba maji.

Nilipofika jikoni Mama alitazama sinia, akalifunika tena kwa kitambaa.

Siku ya pili Baba alipiga simu. Alikuwa kwenye foleni ya malori, siku ya tisa hajasogea. Babu alikuwa ameshaongea naye asubuhi, sijui walisemaje.

“Tumpale, mzee umempikia nini?”

“Chakula.”

“Chakula gani?”

“Maharage.”

Tukasikia injini ya lori. “Wewe unafanya kazi kwenye kuku elfu nne,” Baba akasema. “Elfu nne. Baba yangu anakula maharage.”

“Kuku wale siwaleti tena hapa nyumbani, Baba Ikupa. Nilikwambia.”

“Uliniambia wewe huli. Mzee anakula. Mpikie mzee kuku, yaishe.”

Ikakatika, sijui yeye aliikata au ni mtandao.

Mama akavaa kandambili, tukaenda sokoni, mimi nikiwa nyuma na kikapu. Alikuwa amechoka, ametoka bandani saa nane na hakuwa amekaa. Alitaka kuku wa kienyeji. Muuzaji wa kwanza, kijana anaitwa Nsajigwa, alikuwa na matenga matatu. Akamtoa kuku mwekundu, akamwinua kwa mabawa.

“Mama mkubwa, huyu kienyeji wa kweli. Katoka Itaka jana.”

Mama akamshika kuku kichwa, akamgeuza kwenye mwanga. “Huko Itaka nani alimkata mdomo?”

Kijana akatazama. Kuku wa mayai wa mabandani hukatwa ncha ya mdomo wakiwa wadogo ili wasidonoane, na wakichoka kutaga wanaletwa sokoni. Huyo mdomo wake ulikuwa butu kama kidole gumba.

“Alijikwaa,” Nsajigwa akasema.

“Na hawa wengine wote?”

“Walikuwa pamoja.”

Mama alitabasamu kidogo, nadhani ndiyo mara pekee wiki ile. Nsajigwa naye akacheka, akasema, “Mama wewe ni wa mabandani, ungesema mapema nisijichoshe.” Tukazunguka matenga yote ya upande ule. Kienyeji wa kweli alikuwepo mmoja, jogoo mwenye hasira, lakini alikuwa ameshafungwa kamba nyekundu, ni wa mtu wa Nakonde. Mama alisimama akamtazama yule jogoo anavyovuta kamba. Akanunua maharage mengine, ya aina ya soya njano, yanaiva haraka.

Jioni ile Marita akamwambia ukutani, “Kesho Jumamosi. Chukua hata mmoja, Tumpale. Mzee hatajua. Mpikie akale aende zake, wewe ule maharage yako.”

Mama alikuwa anapepeta. “Mara ile pia hakujua,” akasema.

“Sasa?”

Akaendelea kupepeta.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mama alirudi saa tatu asubuhi, maana alikuwa na zamu ya alfajiri. Aliingia kwa mlango wa nyuma na kiroba kilikuwa kimekunjwa. Mimi nilikuwa sebuleni nampa Babu chai. Babu alikuwa amevaa koti. Begi lake lilikuwa karibu na mguu, limefungwa kwa kamba ya katani, na kofia ameiweka juu.

“Mchumba,” akasema, “niitie bodaboda yule Alinanuswe anipeleke stendi.”

“Babu, kliniki ni Jumanne.”

“Macho yamenitosha kwa ninayotakiwa kuona.” Hakuwa na hasira, alisema kama mtu aliyebeba mzigo mbali na sasa anautua. “Mwambie mama yako namshukuru. Mwambie nimeelewa. Mtu akikuchoka hakwambii, anabadilisha mboga.”

Nilienda jikoni. Sikuhitaji kumwambia. Nyumba yetu ukuta wa kati haujafika juu kwenye bati, na sauti inapita yote. Mama alikuwa amesimama na ndoo mkononi. Akaiweka chini. Akakaa kwenye kigoda, akanionyesha nikae mbele yake.

“Ikupa.”

“Abee, Mama.”

“Nataka nikusimulie habari ya kazini.”

Alisema kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kuisikia kwake, huku ananitazama mimi machoni, lakini hakuwa ananiona mimi. Sebuleni kikombe cha Babu kiliwekwa mezani.

“Kuku wa bandani wakiugua wanawekewa dawa kwenye maji,” Mama akasema. “Dawa hiyo ikiisha kupewa, kuku anatakiwa akae siku saba, dawa itoke kwenye nyama, ndipo achinjwe. Tarehe inaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, kila mtu aione. Umenisikia?”

“Nimesikia, Mama.”

“Mwezi wa pili banda langu lilipewa dawa Jumatatu. Alhamisi akaja mteja wa hoteli na lori. Meneja Ferdinand akafuta ubao kwa mkono wa koti. Akanipa chaki. Akasema, Tumpale, wewe una mwandiko mzuri, andika tarehe ya wiki iliyopita. Nikaandika.”

Akaisogeza ndoo kwa mguu.

“Lori likaondoka. Walioanguka wakabaki. Jumamosi wakanigawia wawili, wa banda lilelile. Nilikuwa najua. Nikasema moyoni, ni wawili tu, na baba yake Ezron anakuja kesho, nitamwekea nini. Nikawapika. Akawala. Akasema firigisi ni laini.” Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili. “Ikupa, mimi miaka kumi na sita sijampa mzee yule kitu kibaya. Siku hiyo nilimpa, na akanishukuru. Tangu hapo nikimtazama yule kuku siwezi. Si kwamba nimemchoka. Sina cha kumpa kilicho safi isipokuwa maharage.”

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, linalia pii, pii. Nilinyanyuka nikaenda sebuleni, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, nikapiga magoti, nikayarudia maneno yote tangu mwanzo, ingawa Babu alikuwa ameshayasikia. Babu naye akanisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, kama ndiyo yanafika.

“Kwa hiyo ile firigisi,” akasema.

“Ndiyo hiyo, Babu.”

“Ilikuwa laini lakini.”

Sikujua kama nicheke. Akatafuta kofia yake kwa vidole, akaipata, akaiweka gotini.

“Siku tatu,” akasema, na sasa yeye ndiye aliyepaza sauti, uso kaugeuzia ukutani. “Siku tatu najiuliza, mkwe wangu nimemkosea nini. Nimepita kila neno nililosema tangu mwaka alioolewa. Nikafikia mpaka mbuzi wa mahari. Mwambie mama yako hivi: nilikuwa nahama nyumba ya mwanangu kwa ajili ya kuku aliyeshindwa hata kusimama.”

Nikaenda jikoni, nikarudia. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Mabega yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama ni kilio au kicheko. Nadhani hata yeye hakujua.

“Na mwambie,” Babu akaendelea, hakunisubiri nirudi, “kazi afanye. Watoto lazima wale. Lakini mwandiko ule asiuazime tena mtu. Mwandiko ni wake.”

“Mwambie nimesikia,” Mama akasema.

“Amesikia, Babu.”

“Nimesikia kwamba amesikia.”

Alinanuswe alifika na pikipiki, akapiga honi. Alikuwa ameitwa na Fanueli, ambaye alisikia neno bodaboda akakimbia mwenyewe. Babu alimwambia abiria amebadilika, aende amletee parachichi tatu zilizoiva, na ambane muuzaji asimpe za mawe. Kisha akanisukumia begi kwa mguu, nikaifungua ile kamba. Ilikuwa imekazwa sana, nilitumia meno.

Mchana Mama alipika yale maharage ya soya njano. Nilipompelekea, Babu alinawa, vidole vikaingia kwenye bakuli, vikazunguka, vikachukua punje moja. Akaitafuna na yale meno manne.

“Mwambie nimeipata firigisi,” akasema.

Alikaa mpaka Alhamisi. Siku ya kuondoka aliahidi kwamba mwezi wa sita atakuja na jogoo wa Ileje, mwenye miguu. Mama, nyuma ya pazia, aliniambia nimshukuru. Baadaye aliniambia kwamba jogoo huyo atampika na firigisi ataiweka juu, ila yeye mwenyewe hataonja. Si kwamba ana ubaya. Ni kwamba akishika bawa anaona ndoo ya asubuhi.

Kazini bado anakwenda. Hakuna kazi nyingine. Anabeba maharage kwenye hotpoti ndogo, anakula nyuma ya stoo ya chakula cha kuku, na wenzake wanamwita Mama Sabato, kwa kuwa Wasabato wengi hawali nyama.

Wiki iliyofuata banda lilipewa dawa tena, na siku ya tatu lori likaja. Ferdinand akafuta ubao, akamnyooshea chaki.

“Mkono unauma,” Mama akamwambia.

“Mkono gani?”

“Wa kuandikia.”

Meneja alimtazama, Mama naye akatazama maranda. Kisha Ferdinand akamwita Violet, msichana mpya wa banda la tano, naye akaandika, na lori likapakiwa lote kama kawaida. Mama alinisimulia haya miguu ikiwa kwenye beseni. Nilimuuliza walioanguka wa Jumamosi ile walikwenda wapi. Akasema fungu lake alilichukua Violet, ana wadogo zake wanne.

“Ulimwambia?” nikamuuliza.

“Nilimwambia.”

“Akasemaje?”

Mama akaongeza chumvi kwenye maji. “Akasema, Mama Ikupa, leo tu.”